Anayenyamaza

Jumatatu, 3 Juni
Uji, dawa, fumbo. Ndizo asubuhi zetu tangu Baba aruhusiwe hospitali. Mwalimu wa hesabu mstaafu, moyo mbovu, bado anataka fumbo. La leo: watoto wawili wana masizi usoni, kila mmoja anaona ya mwenzake tu. Mwalimu anasema angalau mmoja anayo. Wote kimya. Kisha kila mmoja anajua na yeye anayo. Amejuaje? Nimeshindwa, nikakasirika. Baba akacheka. "Mwenzako angekuona msafi, angejua mara moja kuwa ni yeye. Kanyamaza, basi nawe unayo. Msikilize anayenyamaza, Mama Neema."

Alhamisi, 6 Juni
Joeli amefariki. Bodaboda, barabara ya Singida. Kaka yangu wa pekee. Daktari alisema Baba asipate mshtuko, kwa hiyo ukoo umeamua asiambiwe. Nimekubali. Najichukia.

Jumamosi, 8 Juni
Tumemzika Dareda, kwa baba mkubwa. Baba nimemdanganya naenda harusini, jirani akabaki naye. Nimerudi macho mekundu, nikasingizia vumbi. Hakusema kitu.

Jumatano, 12 Juni
Wageni wananichosha. Wanamwamkia Baba kwa sauti ya msibani. Nimewafokea jikoni: ongeeni kama watu.
Joeli alikuwa anampigia kila jioni. Uongo ninao tayari: simu yake imeharibika. Hajauliza.

Ijumaa, 14 Juni
Leo pia hajauliza. Alikuwa anachambua miiba ya samaki, taratibu, mimi nasubiri na uongo wangu mdomoni. Hapo ndipo nikashtuka. Joeli akikosa kupiga siku moja tu, Baba alikuwa hanipi amani. Sasa wiki nzima kimya. Na ile harusi: hakuuliza ni ya nani, wala mbona sikumletea hata pilau.
Asiyejua angeuliza.
Anajua. Amebeba msiba peke yake, ananyamaza ili mimi nisiumie. Na mimi mjinga nilidhani ndimi ninayemlinda. Nimelia kwenye banda la kuku mpaka kichwa kikauma.

Jumapili, 16 Juni
Sikwenda kanisani. Nimempelekea uji, nikakaa kitandani pake. Nikamwambia, "Baba, lile fumbo nimelielewa." Akaniangalia sana. Akanishika mkono.
"Mmemlaza upande gani?"
"Kando ya kaburi la Mama."
Akaitikia kwa kichwa. Tukalia, wote wawili, bila kujificha. Uji ukapoa. Baadaye nikaupasha, akanywa nusu.