Kadi Kumi na Tisa za Magoti

Jumanne, 2 Machi 1954, Temeke

Kadi mbili za vipimo hazipo! Jana jioni kumi na tisa, leo asubuhi kumi na saba. Droo imefungwa vilevile, ufunguo ninao mwenyewe kwenye mnyororo wa saa. Karani anasema labda nimekosea kuhesabu. Mimi? Miaka mitatu napima magoti ya watoto hapa zahanati, nishindwe kuhesabu kadi!

Namjua mwizi. Wiki iliyopita Daktari Pratley, mkubwa wangu, alitaka nimwazime kadi zote "azipitie tu". Mwezi ujao anakwenda Nairobi kwenye mkutano wa madaktari, akazisome huko kama zake! Akanipigapiga begani. Tangu lini huyu ananipigapiga begani?

Alhamisi, 4 Machi

Pratley kaja kukagua. Kamwona Mwanaasha, miaka sita, binti wa Bi Mwanabaraka muuza vitumbua. Goti la kushoto limevimba tangu Novemba. Kalibonyeza mara mbili, kasema ni kifua kikuu cha mfupa, Alhamisi ijayo afungwe plasta ngumu, mguu mzima. Miezi sita!

Nikamwambia siyo. Huyu asubuhi anaamka amekakamaa, mama yake humbeba mpaka chooni. Jua likipanda anaruka kamba. Kifua kikuu hakina saa. Ni ugonjwa wa viungo wa watoto, ninao wagonjwa kumi na tisa, na dawa yake ni aspirini, maji ya moto na kuunyoosha mguu kila siku. Mtoto wa Mzee Sadallah alifungwa plasta mwaka juzi kwa kosa hilihili. Goti halikunjiki tena mpaka leo.

Pratley akasema, sawa, nionyeshe maandishi.

Maandishi! Nimefungua droo mbele yake. Zimebaki kumi na nne. Ya Mwanaasha haipo — miezi mitatu ya vipimo, asubuhi na mchana. Pratley katabasamu. Naapa katabasamu.

Ijumaa, 5 Machi

Nimepaka poda ndani ya kishikio cha droo. Tutaonana.

Jumatatu, 8 Machi

Kumi na moja. Poda imeguswa. Na Pratley yuko Morogoro tangu Jumamosi!

Halafu jambo jingine. Jumatatu ni siku yangu ya viungo, benchi huwa limejaa. Leo hapana hata mama mmoja. Nimekaa peke yangu na futi yangu ya kupimia.

Saa sita nikaona. Mkono wa shati la kaki la Mzee Fakihi, dresa wetu, una weupe. Mzee Fakihi! Alikuwa akifunga vidonda hapa nikiwa bado nachunga mbuzi Bukoba. Nimeujaribu ufunguo wake wa kabati la dawa kwenye droo yangu. Unafungua, tena bila taabu. Pratley kamtuma, hakuna jingine.

Jumanne, 9 Machi

Nimemwita Mzee Fakihi chumbani kwangu. Nilikuwa nimefura kwa hasira, na bado nikamwamkia, shikamoo. Marahaba mwanangu, akasema, kaa. Chumba changu, na mimi ndiye ninayeambiwa nikae.

Nikamuuliza Pratley kamwahidi nini. Akanitazama kwa huruma. Hajui lolote la Pratley. Kina mama ndio waliomwomba.

Kosa ni langu. Temeke hii nina kina Mwanaasha wanne, wawili ni binti Shomari. Nitawatofautisha vipi? Nikaona niandike jina la mtoto na jina la mama yake. Na ili visipotezane, kile kioo cha darubini chenye tone la damu ya mtoto nikakibandika kwenye kadi hiyohiyo. Mpangilio safi kabisa, nilijisifu.

Mzee Fakihi akanieleza polepole. Huku pwani, jina la mtu na la mama yake ndivyo vinavyopelekwa kwa mganga. Ukiongeza na damu, basi, mtu umemmaliza. Kwetu Bukoba anayekuuliza jina huuliza la baba na ukoo, nani angenishtua? "Hata mie nisingekuachia ya mjukuu wangu," akasema. "Ila nilijua huna nia mbaya, ndiyo maana sikukusema kwa mtu." Kila mama karudishiwa ya kwake.

Nimeona haya mpaka masikio yakawaka. Miaka mitatu kina mama wale wananiitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, na moyoni wananiogopa!

Lakini Pratley sijamsafisha. Nairobi bado anakwenda.

Nyingi zimechomwa. Ya Mwanaasha ipo, mama yake kaificha. Plasta ni keshokutwa.

Jumatano, 10 Machi

Naandika nikiwa barazani kwa Bi Mwanabaraka. Mzee Fakihi kanileta.

Kadi anayo, imefungwa kwenye pindo la kanga. Nikamweleza habari ya plasta, habari ya mtoto wa Sadallah. Kasikiliza yote. Kisha akasema: "Daktari, wewe una jina la mwanangu, na langu, na damu yake. Mie nina nini chako?"

Kanipa kadi tupu. Anataka jina langu, jina la mama yangu, na tone la damu. Ikae kwake mpaka goti lipone. Nikimpa hiyo, ndipo naye anipe ya mwanawe.

Nikacheka. Hakucheka. Kaingia ndani kutafuta sindano.

Mwanaasha kakaa kizingitini, mguu kaunyoosha. Jua limepanda, goti linaanza kukunjika. Ananiangalia.

Nimeandika "Gozbert Kamugisha, mwana wa", kalamu ikasimama. Upuuzi! Miaka yote ile Makerere, mimi mtu wa darubini! Ni kadi tu. Lakini ataiweka wapi? Na yule jirani anayechungulia pale uani ni nani? Mzee Fakihi kanitazama, kainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Mama yuko Bukoba, mzima, analima migomba yake. Nimefungua kurasa za nyuma za daftari hili. Miaka minne, na kila mahali nimeandika "mama" tu. Hata humu, ambamo hasomi mtu.

Anatoka na sindano. Kaikamata kwa ncha za vidole, kama nilivyokuwa nikiikamata mimi. Ananiuliza kama nimemaliza kuandika.