Lundo Ambalo Sikulipanda

Mzee Masanja,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikangoja, kana kwamba utaitikia. Ni mimi Rehema, yule uliyemfundisha kushika tepu ya kupimia hapa machimboni Buhongwa. Tangu tukuvushe kwa kivuko cha Kamanga kwenda kukuzika kwenu Sengerema, mambo yamebadilika hadi sijui nianzie wapi.

Siku hizi hatupandi malundo ya kokoto kuyapima. Tuna droni. Nasimamisha stendi yenye antena, inawasiliana na satelaiti huko juu mpaka ijue imesimama wapi hasa, halafu nakirusha kidude. Kinavuma kama nyuki, kinapiga picha lundo zima, na nikimaliza kula mchana kompyuta imeshatoa mita za ujazo. Ungekiona ungeuliza, "Hicho nacho kimesoma wapi?" Ninayekirusha ni mimi, Mzee. Nakipenda, na naona aibu kukipenda.

Shida imeanza juzi. Tulipima lile lundo la kokoto kubwa karibu na uzio, ambalo halijachotwa hata koleo moja tangu usaini kipimo chake. Droni ikatoa mita pungufu sana kuliko zilizo kwenye daftari lako. Nikarudia. Nikahamisha antena, nikarudia tena. Jibu lile lile. Meneja akacheka: "Mzee wa watu, macho yalishachoka." Sasa anataka niandike kwenye ripoti kwamba vipimo vyako vyote haviaminiki, na madaftari yako yatupwe. Yote, Mzee. Miaka yote ile ya kupanda na kushuka.

Nikafungua picha nitafute kosa la mashine. Juu ya lundo kuna shimo, pamebonyea kama bakuli. Ukiwa chini hulioni.

Hapo nikaacha kuilaumu mashine, kwa sababu lundo lile hukulipima wewe. Siku ile ulikuwa umekaa kivulini karibu na mashine ya kusaga mawe, kifua kimekubana, ukanituma mimi. Nilizunguka chini na tepu, nikautazama mteremko, nikaogopa kuteleza, kilele nikakikisia tu kana kwamba kimejaa. Niliporudi ukaniuliza, "Umepanda juu?" Nikasema nimepanda. Ukanitazama, ukasaini.

Ulitazama nini, Mzee? Hilo ndilo linalonichanganya. Kila anayepanda lundo hushuka na vumbi la kijivu hadi magotini, wewe mwenyewe ulikuwa unanicheka, "Leo umekuwa mzimu." Siku ile suruali yangu ilikuwa safi. Nakumbuka macho yako yalishuka hadi miguuni kwangu kabla hujachukua kalamu. Au nakumbuka vibaya? Labda ulikuwa unaitafuta hiyo kalamu. Labda ni maumivu tu. Na kama ulijua, kwa nini ulisaini? Ulinihurumia? Ulikuwa unasubiri niseme mwenyewe, kisha ukaondoka kabla sijasema? Nageuza hivi, nageuza vile. Kuna saa nakukasirikia kwa kutonigombeza. Halafu nacheka. Halafu nalia mbele ya kompyuta, na wenzangu wanadhani mashine imenishinda.

Leo asubuhi nimeiacha droni kwenye sanduku lake, nikalipanda lile lundo kwa miguu. Nimeteleza mara mbili. Shimo nimeliona kwa macho yangu, na nimekaa pembeni yake kuandika barua hii. Ziwa linaonekana kwa mbali kutokea huku juu, hukuwahi kuniambia.

Kesho napeleka ripoti. Nitaandika kwamba lundo hili lilipimwa vibaya na Rehema, kwamba hakupanda, na kwamba alidanganya alipoulizwa. Madaftari yako hayatupwi. Kazi sijui kama nitabaki nayo.

Pumzika, Mzee wangu. Jumapili navuka Kamanga kuja kukuambia mwenyewe. Suruali hii sitaifua kwanza. Nitakuja nayo hivi hivi, na vumbi lake hadi magotini.