Mama, Wamelicheka Tufe Lako

Mama yangu,

Nilitaka nikuandikie nikiwa nimetulia, lakini kutulia kumenishinda. Tangu juzi kila nikitia tonge mdomoni linataka kurudi. Nimechefuka, mama. Nimeona kinyaa, na wa kumweleza ni wewe tu, hata kama uko kaburini.

Unakumbuka ulivyonifundisha kutupa tufe kule Diaca, nyuma ya shamba la muhogo? Tufe hatukuwa nalo, tulikuwa na jiwe. Ulichora duara kwa mpini wa jembe, ukanipandisha kiwiko, ukanikemea, "Hutungui embe wewe, sukuma!" Nikishatupa nilitaka kulikimbilia jiwe langu, nawe unanidaka gauni. "Tokea nyuma, mwanangu. Mbele hapana." Nikakuuliza kwa nini. Ukasema utanieleza nikikua.

Nilipokua ulinieleza. Miaka ile nchi yetu ilipokuwa changa, ndiyo kwanza inapeleka wanariadha nje, ulichaguliwa wewe, msichana wa Diaca, kwenda Dar es Salaam. Shuleni kwenu tufe lilikuwa moja tu, na desturi yenu ilikuwa aliyetupa ndiye anayelifuata, amletee mwenzake. Kule ugenini mara za mwanzo ulitupa hovyo, ukarudi nyuma na aibu yako. Mara ya mwisho likaenda mbali kuliko la yeyote. Kwa furaha ukatoka kwa mbele ya duara kulifuata, kama nyumbani. Wakainua bendera nyekundu. Anayetokea mbele hahesabiwi.

Mwamuzi, mwanamke wa kulekule, alikuonea huruma. Akakwambia, "Mdogo wangu, jana tuliwaita viongozi wote tukawaeleza sheria. Kiti cha kiongozi wenu kilikuwa kitupu." Kiongozi wenu alikuwa yule mliyemwita Chefe, yaani mkubwa. Ulirudi naye safari nzima, hukumwambia neno. Hata siku zako za mwisho hapa Palma, nilipomtaja kwa hasira, ulinipiga kikofi mkononi. "Mwache na Mungu wake."

Nikamwacha. Sasa sikia. Walimu wa hapa walikuja nyumbani kuomba kombe la wasichana la kutupa tufe lipewe jina lako. Nililia kwa furaha. Kwa mara ya kwanza watu wangelitamka jina lako kwa heshima, na mimi nipo nasikia. Siku yenyewe nikajifunga kitenge chako, ile kapulana ya buluu, nikawahi uwanjani kabla hata ya viti. Kumbe mgeni rasmi ni nani? Chefe mwenyewe, mzee sasa, tumbo mbele, uso mkavu.

Akapewa maikrofoni. "Mama huyu alikuwa na nguvu," akasema, "lakini ushamba, jamani! Alidhani tufe ni nazi. Akalikimbilia lisije likaibiwa!" Akaigiza ulivyokimbia, matako nje, mikono ikipapasa. Uwanja mzima ukacheka. Wakacheka hata wasichana waliokuja kushindania kombe lako. Kikulacho ki nguoni mwako, mama, tena hiki kilikuwa kimevaa suti.

Nikapanda jukwaani. "Chefe, siku ya kuelezwa sheria ulikuwa wapi?"

"Eh, filha, binti yangu, mambo ya kale hayo."

"Ulikuwa wapi?"

Akatabasamu. "Madukani. Natafuta redio. Siku zile nani hakutaka redio?"

Alisema hivyohivyo, bila haya, mbele ya maikrofoni. Nilingoja watu wamzomee. Wachache waliinamisha vichwa, wengine wakacheka tena, kisha wakatangaza chakula. Akakaa kwenye meza ya wakubwa kula kamba wa nazi, mafuta yakimchuruzika kidevuni, akaniita kwa kidole hichohicho alichokuwa anakilamba. "Njoo ule, filha. Hasira hasara." Ningemtapikia sahani.

Badala yake nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikamwomba kombe. Jina lako lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe, vizuri kabisa, maskini, mwandishi alijitahidi.

"Dona, bibi yangu, limeshaandikwa hili," akasema. "Unataka kufanya nini?"

"Nipe kisu."

Nilikwangua mwenyewe, mbele yao wote. Jina nililolilia watu walitamke nimelifuta kwa mkono wangu, mama, na sikulia mpaka nilipomaliza. Afadhali usitajwe kabisa kuliko kutajwa na mdomo ule.

Najua ungenikataza. Ndiyo maana nakuandikia baada ya kufanya.

Mwalimu alilipokea kombe, akaligeuzageuza, akaniuliza kwa sauti ndogo sasa wataliitaje. Nikamwambia waliite Redio.

Lala, mama. Mimi usingizi bado.

Kitinda mimba wako