Kwako Uliyenifundisha Nyota na Vistari

Kwako uliyekuwa mpenzi wangu,

Nakuandikia nikiwa mke wa mtu kwa wiki ya tatu sasa, na mashavu yameanza kujaa kwa raha. Mvua ya hapa Tukuyu inapiga bati tangu asubuhi. Mume wangu ameniachia chai kwenye chupa na ndizi za kuchoma chini ya sahani, nami nimekaa dirishani nacheka peke yangu. Nimesoma ujumbe wako wa pongezi. Neno "Hongera" umeliwekea nyota mbele na nyuma ili litokee kwa wino mzito. Hujabadilika hata kidogo.

Unakumbuka ulivyonifundisha hizo nyota? Nilikuwa ndio kwanza nimeajiriwa kuingiza taarifa kwenye ofisi ya mradi wa parachichi pale Ibighi, cheti changu cha kidato cha nne bado kiko kwenye bahasha. Wewe ulikuwa mratibu, na ule mfumo wa kompyuta wa kuendeshea mradi, ambamo kila kazi ina ukurasa wake, ulikuwa ukiuita mtoto wako. Ulisimama nyuma ya kiti changu ukinukia manukato ya mjini. Ukiweka nyota mwanzo na mwisho wa neno, ulisema, linakuwa zito. Ukiweka kistari cha chini, linalala. Ukiweka kistari cha kati huku na huku, linakatwa mstari. Kidole chako kiligusa changu juu ya hicho kistari, nikasahau hata nilichokuwa naandika.

Siku chache baadaye ulinifungulia ukurasa wangu mwenyewe mle ndani. Juu kabisa jina langu kwa herufi kubwa, chini yake "Nakupenda" kwa rangi nyekundu. Nililia kwa furaha. Vile vichwa vidogo vilivyofuata sikuvitilia maanani: Hali ya Sasa, Changamoto, Hatua Inayofuata. Kwenye Changamoto uliandika kwamba Kiingereza changu ni hafifu. Kwenye Hatua Inayofuata hukuandika kitu. Nilikuwa nasoma ripoti ya mradi nikidhani ni barua ya mapenzi. Leo najicheka kidogo, na wewe nakucheka sana.

Maana hukuwa na kingine. Taarifa za wakulima nilizikusanya mimi, matope hadi magotini. Wewe uliyapa maneno yangu unene, ukayachorea jedwali, na wakubwa walipokuja wakakusifu kwa kurasa safi. Shambani hukufika hata siku moja. Ulisema matope ya Rungwe hayatoki kwenye viatu.

Halafu ukaja ule mchana wa Mzee Ambakisye, katibu wa kikundi cha Lufingo. Ulimpa ruhusa ya kuingia kwenye mfumo ili uwaringie wageni kwamba hata wakulima wako wanautumia. Mzee wa watu akaandika kwa simu yake majina kumi na tisa ya wanakikundi waliosubiri miche. Aliyaandika kama anavyoandika kwenye daftari lake la vikao, kistari mbele ya jina na kistari nyuma, kwa unadhifu. Mfumo wako ukayakata mstari yote kumi na tisa.

Nilikukimbilia nikijua utacheka kisha utarekebisha. Ulicheka tu. Miche ilikuwa imekuja pungufu, na tangu asubuhi ulikuwa ukijikuna kichwa usijue nani aachwe.

"Mbona mfumo umeshatusaidia?" ulisema. "Waliokatwa wamekatwa."

Ukachapisha ukurasa ule, ukautuma Kyimo kwenye bustani ya miche. Watu wale walikuwa wameshachimba mashimo na kuchanganya samadi. Mzee alinipigia simu jioni ile kushukuru mapema. "Ndaga fijo, mwanangu," alisema, asante sana. Nami nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilinyamaza kwa sababu nilikupenda, na kwa sababu mkataba wangu ulikuwa ukisubiri saini yako.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Alikuwa msimamizi wa bustani ya Kyimo, mtu niliyemjua kwa sauti tu.

"Dada, hawa wa Lufingo wana mstari juu yao. Niwapelekee miche mingapi?"

Nikamwambia wamekatwa.

"Wamekatwa vipi? Mbona majina nayasoma yote?"

Huyo ndiye mume wangu! Huyo ndiye Lusajo wangu, ambaye hajui nyota wala kistari, na ambaye sauti yake ile ilinishika moyo hadi leo haujaachiwa. Nikamweleza kila kitu. Alisema vikundi vyote vitapunguziwa kidogo kidogo, Lufingo nao wapate, na gari litaanzia huko. Nami nikafungua ukurasa, nikafuta vistari kimoja kimoja, nikijua kwamba kila ninapogusa, mfumo unaandika jina langu.

Ulikuja na ukurasa wa mabadiliko mkononi, ule unaoonyesha nani kafuta nini. Hukuuliza habari za watu kumi na tisa. Ulisema nimekuharibia ukurasa. Mkataba haukusainiwa, na bahasha yangu nikaondoka nayo kama nilivyokuja. Lusajo alipopata habari alikuja nyumbani kwetu kutoa pole, ameshika mche mmoja wa parachichi, kajaa matope mpaka kwenye nyusi. Sijawahi kuona mwanaume mzuri kama yule.

Sasa naandika vitabu vya hesabu vya kikundi cha Lufingo, kwa kalamu. Mzee Ambakisye ndiye aliyesimama upande wa wazazi wangu kwenye harusi.

Umeuliza kwa nini hukupata kadi. Nilipoandika orodha ya waalikwa jina lako lilikuwemo, kisha nikalipiga mstari. Lusajo akaichukua orodha, akaisoma kama kawaida yake, jina lako pia, akasema huyu naye tumpelekee. Nikamnyang'anya karatasi. Nikachukua nyingine nyeupe, nikaiandika orodha upya tangu jina la kwanza, ili hata yeye asikuone.

Baki na nyota zako. Mimi nakwenda kumpokea mume wangu, namsikia anakung'uta matope mlangoni.

Mke wa Lusajo