Kaka wa Taipu

Nyarugusu, Geita
4 Machi 1996

Mdogo wangu Euphrasia,

Mwangaluka. Hujambo wewe, na hao vijana unaowafundisha? Mimi mzima, dagaa wa Nkome wanatoka, na wachimbaji wana njaa kama kawaida yao, Mungu awazidishie.

Barua yako niliisoma kwa sauti pale kwa Mbuke muuza chai, watu wajue nina dada mwalimu wa chuo kikuu. Nikafika pale uliposema mmeletewa kompyuta na sasa kazi zako unachapa mwenyewe. Bujiku, yule mnunua dhahabu, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. "Maganga, mkubwa anasema, sekretari anachapa. Huyo dada yako ni sekretari. Kakufunga kamba."

Tangu hapo naitwa Kaka wa Taipu. Nikipita na gunia langu la dagaa wananipigia kwa midomo: ka-ka-ka-ting.

Sasa niambie ukweli. Wamekushusha cheo? Kama ndiyo, usekretari nao kazi, nitajisifu vilevile. Nataka kujua tu nijisifu kwa lipi.

Ni mimi kaka yako,
Maganga

Dar es Salaam
29 Machi 1996

Shikamoo kaka,

Huku tu wazima. Barua yako nimeisomea ofisini, nikacheka hadi wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini.

Sijashushwa. Kompyuta ni moja, tunaipangia foleni walimu wote wa idara, na zamu yangu ikifika umeme unakatika. Kazi yangu ya mwaka mzima iko kwenye kidiski, natembea nacho kwenye pochi kama hirizi. Nachapa mwenyewe kwa sababu nafikiri huku naandika.

Mei nakuja kuwauliza wachimbaji habari za zebaki wanayosafishia dhahabu. Chuo kimeniazima kompyuta ya kubeba. Huyo Bujiku niwekee.

Mdogo wako,
Euphrasia

Nyarugusu
16 Juni 1996

Mdogo wangu,

Ulifika salama? Huku wote wazima, ila mimi kifua kimepanuka, mashati hayafungi.

Ulipokaa juu ya gunia langu la dagaa ukafungua kile kimashine mapajani, nilimwona Bujiku anakonyeza wenzake. "Sekretari, bosi wako kakutuma uulize nini?" Wewe wala hukukasirika. Ukamuuliza kwa nini mikono inamtetemeka akishika kikombe. Akakiweka kikombe chini. Halafu akaanza kusema, habari za moshi wa zebaki anayoichoma ndani ya nyumba, na usingizi uliomkimbia, na wewe unachapa huku macho yako usoni kwake. Ulipomaliza kumsomea ulichoandika akauliza, "Hilo swali la mikono nani kakupa?" Ukasema, "Hakuna. Nimekuona."

Siku hizi anachomea nje, mbali na watoto.

Jana kaja mgeni kutoka Kahama, kasikia naitwa Kaka wa Taipu, akauliza, "Ana dada sekretari?" Kabla sijafungua mdomo Bujiku kamjibu: "Sekretari anaandika alichoambiwa. Yule anaandika alichokiona."

Nikatoka hapo moja kwa moja kununua rangi. Kibanda changu sasa kimeandikwa DAGAA WA KAKA WA TAIPU. Herufi zimepinda kidogo, lakini nimeandika mwenyewe, hakuna aliyeniambia.

Ni mimi,
Kaka wa Taipu