Kilio cha Mpishi wa Manowari

Buffalo, 9 Novemba

Wifi yangu Furaha,

Goti la mama linaendeleaje? Na wewe, kikohozi kimekuachia? Mimi mzima, isipokuwa vidole; nikitoka nje nahisi vimebaki ndani ya nyumba.

Ujumbe wako kuhusu kumaliza kilio cha kaka yako nimeupata. Najua nimewakatalia mara nyingi, kwa sababu boti ilizama na mwili wa Amani haukuonekana. Kabla sijakujibu, ngoja nikusimulie aibu iliyonipata.

Namhudumia bibi mmoja Mwingereza, Mama Dorothy, hapa West Side. Kila asubuhi nikimvalisha soksi ananisimulia manowari ya baba yake. Ilikuwa manowari nyepesi, iliyoundwa kwa ajili ya mbio, chuma chake chembamba, kazi yake kusindikiza meli za mizigo wakati wa vita vya pili vya dunia. Baba alikuwa mpishi. Usiku mmoja anakoroga kakao ya walinzi wa zamu, kombora la majini likatoboa ubavu. Meli ikalala upande, ikazama kabla kakao haijapoa. Mwenzake aliyeokolewa ndiye aliyeleta habari. Wifi, nimeisikia hadithi hiyo hadi naweza kuiendesha hiyo meli mwenyewe.

Jumanne akalia, soksi moja mguuni. Nikampigia simu Mama Chantal, mkuu wa kwaya yetu: "Mama Dorothy analia. Baba yake alizama majini, mwili haukuonekana."

"Usimwache peke yake!" Akakata.

Unawajua watu wetu. Kwenye msiba hakuna anayeuliza lini; kwanza unakuja. Jumamosi mlango ukagongwa: Mama Chantal na kwaya nzima, magodoro ya kulalia matanga, sufuria ya sombe ya majani ya muhogo. Nyuma yao pasta na wazee wa Whitehall, kule Columbus, waliotoka alfajiri. Watu wa Newburg, Louisville, walikuwa bado njiani, wanapiga simu kuuliza kama maziko yamepita. Vilio vilianzia kwenye ngazi. Mama Dorothy akawakaribisha wote ndani.

Pasta akafungua Biblia. "Marehemu alikuwa na umri gani?"

"Ishirini na sita."

"Na huyu binti yake?"

Nikatazama sakafu. "Themanini na nne."

Vilio vikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Donc, mtoto amemzidi baba?"

"Meli ilizama zamani, pasta. Vita vya dunia."

"Wewe!" Mama Chantal akanigeukia. "Nimeacha zamu kiwandani!" Kisha akamwona Mama Dorothy, ameshika mkono wa mwanakwaya mmoja na hataki kuuachia. "Bon. Sombe imeshaiva. Tulie."

Wakalia, wifi, kama walimjua. Mama Dorothy akasema nitafsiri: nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuja kulia nao. Mama yake aliambiwa ajikaze, kila nyumba ina msiba wake. Akaisimulia meli upya, mimi natafsiri, nikafika kwenye kombora kabla yake. Watu wa Louisville wakaingia tukiwa kwenye kakao, ikabidi tuizamishe tena.

Jioni akauliza, "Mtu hana kaburi. Kilio chake mnakimalizaje?"

Mama Chantal alimjibu yeye, lakini macho yalikuwa kwangu. "Mama, tukingoja kila mwili urudi, haya magodoro nani atayaondoa?"

Pasta akaomba, tukanawa mikono, magodoro yakabebwa. Jumatatu Mama Dorothy alivaa soksi zote mbili bila kuisimulia meli. Kisha akaomba kakao.

Basi malizeni, wifi. Amani alikuwa ananawa miguu kabla ya kulala hata kama hakukanyaga tope, na mimi bado naacha maji kwenye beseni. Leo nimeyamwaga. Mkigawa vitu vyake, kikombe chake cha bati mwachieni mama.

Nisalimie mama, na mjomba fundi cherehani, na shangazi muuza chumvi, mwambie sauti yake ya kuongoza nyimbo itahitajika. Siku hiyo mkikaa chini, niachieni nafasi kwenye mkeka, mnikumbuke.

Wifi yako,
Espérance