Usifute Nyimbo Zetu, Tanga Wanazicheza

Mpendwa kaka Duarte,

Ujumbe wako niliusoma Jumatano nikiwa sokoni huku Uchina, barabara ya Guangyuan Xilu, nimekalia robota la suruali za mteja, nasubiri mkokoteni. Unasema una likizo ya wiki mbili, hujui uende wapi, na kabla haijaanza utaziondoa nyimbo zetu nne mtandaoni. Hakuna anayezisikiliza, unasema. Sasa wewe ni mtu wa ofisini huko kwenu Ureno, mjini Braga, unavaa tai, na unaona aibu. Nilikasirika mpaka mkokoteni ukanipita. Halafu Jumapili likatokea jambo, na tangu hapo nacheka peke yangu barabarani. Ndiyo maana barua hii naiweka mbele za watu, ili Tiago, mwenzetu wa bendi, naye aisome na mkose pa kujificha.

Naandika Kiswahili kwa makusudi. Ulijifunza kwa kula, kwenye mkeka wa Mama Rukia pale mtaa wa Dengfeng. Kila alipokuja kutoka Tanga kununua mzigo alimpikia yeyote mwenye njaa, na wewe njaa ulikuwa nayo siku zote. Neno likikushinda, nipigie.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe na Tiago mlikuwa mmekuja kusoma, mna magitaa mawili, nyimbo za Kireno zenye huzuni, na hamna mpiga ngoma. Mimi nilikuwa na dufu la madrasa kichwani na sijawahi kushika zile fimbo za ngoma. Uliniuliza, "Unaweza roki?" Nikasema naweza. Ule ulikuwa uongo mtupu, leo nakiri.

Chumba cha mazoezi tulikipata mtaa wa Kangle, juu ya karakana ya kushona nguo, kwa sababu vyerehani vilikuwa na kelele kuliko sisi. Hakuna jirani aliyewahi kulalamika. Sheria ya laoban, yule bosi mwenye karakana, ilikuwa moja tu: saa ya chakula cha mchana wafanyakazi wanalala juu ya meza zao, nasi tunyamaze. Siku ile Tiago aliposahau akapiga besi, wanawake ishirini waliinua vichwa kwa pamoja, na laoban akapanda ngazi na mkasi mkononi. Tangu siku hiyo tulikuwa tukilala nao. Nadhani ndiyo bendi pekee ya roki iliyokuwa na saa ya usingizi kwenye ratiba.

Jina nalo tulilitoa dirishani. Kote Kangle nguo zimeanikwa kutoka jengo hadi jengo, na wewe ukasema kwa Kireno: Roupa Estendida, nguo zilizoanikwa. Mimi nikauliza kama bendi ya heshima inaweza kuitwa hivyo. Mkacheka, likapita.

Onyesho la kwanza, lo! Alasiri ya Jumapili, baa moja inayowapa wanaoanza nafasi, watu kumi na mmoja, na watano kati yao ni wafanyabiashara wa Dengfeng niliowaburuta mimi. Ukaanza ule wimbo wa shati, umefumba macho, sauti inatetemeka. Mama Rukia akainuka na baibui lake, akaja akicheza taratibu, akakubandika noti kwenye paji la uso. Ukaacha kuimba hapo hapo.

"Samahani mama," ukasema. "Tumemaliza."

"Umalize nini, mwanangu? Ndiyo kwanza naanza kukutuza!"

Maskini, ulidhani anakulipa unyamaze. Ilibidi nitoke nyuma ya ngoma nikueleze kwamba kwetu mwimbaji akikugusa unamwendea na kumtuza, na yeye anaendelea kuimba na noti yake usoni. Baada ya hapo ulipata tabia. Kila onyesho ulikuwa ukiinua uso unapofika kiitikio, unasubiri. Wachina walidhani ni mtindo wa kisanii.

Halafu fulana. Ulizitaka ishirini. Laoban akasema mei you, hakuna, chini ya mia mbili hashoni, mashine haiwezi kuwashwa kwa ajili ya mchezo. Ukaagiza mia mbili, kwa bendi yenye mashabiki tunaowajua kwa majina. Rangi ya embe bivu, mbele kamba ya nguo yenye shati, suruali na kanga yangu, nyuma kile kiitikio kwa Kireno. Zikatoka wiki ileile Tiago alipomaliza masomo na kuondoka. Nawe ukamfuata baada ya mwezi. Siku ya mwisho ulikaa juu ya marobota mawili ya fulana, ukaniambia, "Dada, tupa." Sikuwa na moyo huo. Nililala nayo yakiwa chini ya kitanda mpaka Mama Rukia alipoona.

"Unalala na marobota kama mlinzi wa godauni," akasema. "Hebu lete huku, kontena langu lina nafasi."

Yakaenda Tanga, nami nikayasahau. Sasa sikiliza.

Jumapili hii alikuwa akiozesha mtoto wa dada yake. Wiki moja kabla, vitenge vya sare vikafika kutoka kiwandani na rangi ya majivu, wakati vilichaguliwa vya rangi ya embe. Kamati ya wanawake ikalia. Mama Rukia akakumbuka, akafungua marobota. Rangi yenyewe! Lakini unawajua wanawake wa kwetu: hawavai nguo yenye maneno wasiyoyajua. Ndivyo tulivyolelewa na kanga. Alhamisi akanipigia simu.

"Mwanangu, hizi fulana zenu zinasemaje mgongoni?"

"Shati langu halijakauka, nisubiri."

Kisha nikasikia chumba kizima kikicheka, na mmoja akisema kwa mbali, "Hiyo ndiyo sare!" Akarudi Mama Rukia: "Na wimbo wake uko wapi? Sare ina wimbo, sisi ukumbini tutaingia na nini?"

Nikamtumia wimbo, Duarte. Ule ule unaotaka kuufuta.

Jumapili jioni nilikuwa Kangle kwa laoban nafuata mzigo, kule Tanga ikiwa mchana, simu ikaita kwa video. Ukumbi mzima wa embe bivu. Wanawake wameingia na wimbo wako kwenye spika kubwa, wamefunga kanga juu ya fulana, wanacheza taratibu kwa ngoma zangu, na kila unapofika kiitikio wao wanajibu, "Nisubiri!" Wimbo ukiisha wanataka urudiwe. Nilianza kulia bila kujua. Laoban akachungulia simu yangu, akaona zile fulana, akapiga kelele, "Wo de! Wo de!" zangu, zangu, akawaita washonaji wake. Vyerehani vikazimwa. Ishirini wakatuzunguka, mmoja akaonyesha kwa kidole mshono wa bega aliouweka mwenyewe. Gitaa lako lilikuwa ukutani pale pale kando ya ruwaza, zile karatasi za kukatia nguo, unakumbuka ulimwachia. Alilishusha akanipa, nipige. Na mimi gitaa silijui.

Sasa ndugu yangu, uniambie hakuna anayesikiliza. Nilikuwa nimekaribia kukuamini, ndicho kinachonitia aibu. Miaka yote hii nilikuwa nikisema "niliwahi kupiga ngoma" kama mtu anayetaja ugonjwa aliopona. Sitaki tena kusema hivyo. Tulikuwa bendi, tulicheka sana, na nimewakumbuka mpaka nasikia uchungu kifuani.

Na kuna tatizo moja. Pale ukumbini wanawake walikuwa wakija na noti mikononi, wanamtafuta wa kumtuza, hayupo. Mama Rukia amezikusanya kwenye bahasha. Nikamwambia nitazipokea mimi, nizitume Braga.

"Weee!" akasema. "Tuzo haipokelewi kwa niaba. Nitambandika mwenyewe."

Mwezi ujao anakuja kuchukua mzigo, na bahasha iko kwenye begi lake. Tiago nimemwandikia, kasema akisikia jibu lako anakata tiketi. Laoban anasema njooni, ila mchana tulale. Nyimbo ziache zilipo, na likizo yako nimekwisha kuipangia. Gitaa lipo, ngoma zipo. Wewe lete paji la uso.

Nakungoja kwa mapenzi,

Dada yako wa nyuma ya ngoma